Maji Chini ya Kizingiti

Mchungaji alikuwa amelihangaikia somo lile wiki nzima, na Jumamosi alasiri alisimama mbele ya darasa akiwa ameshiba maneno. Somo lilihusu maji katika maono ya manabii. Akaanza kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia akitaka watu waache kusinzia.

"Nabii akisema maji, hasemi maji," alisema. "Maji ni taswira. Yakija kwa gharika, ni hukumu. Yakibubujika jangwani, ni uzima unarudi. Kwa hiyo leo tukisoma jinsi Ezekieli alivyoona maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, tafadhali msiniletee habari za mabomba na ndoo."

"Mchungaji," mama mkwe wake akaita kutoka benchi la nyuma, karibu na mlango.

Mama huyu alihamia kwa binti yake magoti yalipoanza kumsumbua. Tangu hapo hakukosa darasa hata moja, wala hakukubaliana na somo hata moja.

"Maswali mwishoni, mama."

"Mimi sina swali. Nina miguu iliyolowa."

Watu wakageuka. Chini ya mlango maji yalikuwa yakiingia taratibu, bila haraka, kama mgeni anayejua atakaribishwa. Yalizunguka benchi la nyuma, yakashika njia ya katikati, yakaelekea madhabahuni. Akina mama wakapakata mikoba yao. Mzee mmoja akavua kofia. Fundi viatu, ambaye kwa kawaida alikuja darasani kupumzisha mgongo, alipiga magoti na kuanza kuyakinga kwa chupa ya soda.

"Ni maji tu," Mchungaji akasema.

"Si ulisema maji si maji?" mama mkwe akauliza.

Mchungaji akajifanya hakusikia. Bahati nzuri fundi viatu aliinua chupa yake kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso. "Yana povu," alisema.

"Mmeona? Ezekieli hakuona povu mahali popote."

"Malaki je?" mama mkwe akasema. "Si yeye aliyesema Bwana atakuja kama sabuni ya mfua nguo?"

Imeandikwa kweli. Minong'ono ikapita mabenchini, na mtu mmoja akaanzisha pambio kwa sauti ndogo. Mchungaji akaona kondoo wake wanamponyoka mchana kweupe.

"Sikilizeni," akasema, akiishikilia hoja yake ya mwisho kwa mikono miwili. "Maji ya nabii yalitoka hekaluni kwenda nje. Haya yanatoka nje kuja ndani. Hayalingani kabisa."

Mama mkwe akafikiri, miguu yake ikiwa juu ya benchi. "Basi hekalu liko huko yanakotoka," alisema.

Huko yalikotoka palikuwa kwa dobi.

Dobi alikuwa mama mnene mwenye duka la kufulia nyuma ya kanisa, ua mmoja, kiwambaza kimoja. Yeye na Mchungaji hawakuwa wamesalimiana tangu msimu uliopita wa mvua. Yeye alilalamikia vipaza sauti vya kanisa, Mchungaji akalalamikia mashine zake zinazonguruma wakati wa maombi, na kila mmoja akabaki na nongwa yake. Sasa darasa zima lilikuwa linavuka ua kwenda kwake, likichuruza maji viatuni, na Mchungaji hakuwa na la kufanya ila kulifuata.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini, unashuka ngazi kadhaa. Kilikuwa kimejaa hadi kumwagika mlangoni. Dobi alisimama katikati, maji kiunoni, mkono mmoja umeinua suti ya bwana harusi juu ya kichwa, mguu ukipapasa sakafuni kutafuta tundu la kutolea maji.

Alipomwona Mchungaji alishusha pumzi. "Kama umekuja kwa habari ya kelele," alisema, "mashine nimezizima. Umeme nimeukata wote."

Sauti yake ilikuwa imechoka mno, na Mchungaji aliona haya. Maneno yote aliyoyatunza kwa ajili ya siku watakayogombana tena yakamtoka kichwani. Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka.

"Yamefika wapi?" mama mkwe akauliza kutoka juu.

"Vifundoni."

"Amina," darasa likasema.

"Na sasa?"

"Magotini, mama."

"Amina."

"Na sasa?"

Hapo Mchungaji akakanyaga kipande cha sabuni. Alizama mzimamzima, pamoja na miwani.

"Ya kuogelea, kama ya Ezekieli," mama mkwe akawajulisha wenzake.

Alipoibuka, dobi alikuwa anacheka hadi suti inatikisika juu. Mchungaji alitaka kukasirika akashindwa. Akazama tena, safari hii kwa hiari, akapapasa palipoonyeshwa na mguu wa dobi, akachomoa soksi ya mtoto. Maji yakaguna, yakaanza kushuka. Darasa likajipanga ngazini likapokezana nguo hadi uani, na fundi viatu, baada ya kutafakari kidogo, akaimwaga chupa yake.

Jumamosi iliyofuata dobi alikuja darasani, akakaa mbele. Alikuwa ameisoma sura ile ya Ezekieli nyumbani peke yake, na kitu kilikuwa kimemkwama.

"Mto ulipita ukaponya kila kitu, hata bahari," alisema. "Lakini yale madimbwi ya pembeni hayakuponywa, yakaachwa na chumvi yake. Kwa nini, Mchungaji? Yalikosa nini?"

Mchungaji aliangalia maandishi yake. Alikuwa ameandika mengi kuhusu mto. Kuhusu madimbwi hakuwa na hata mstari.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui."

Watu wakamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa hajampinga mtu tangu somo lianze.

"Mbona mnaniangalia mimi?" akasema. "Hata mimi nilidhani yeye anajua."

Wakafungua sura ile tena, wakaanza kuisoma wote pamoja, polepole, tangu mwanzo.