Matanga ya Kabasha

Jumamosi iliyopita Kabasha, shujaa wa Olivier, aliliwa na joka. Ni mchezo tu: tunakutana sebuleni kwa Idriss, pale mtaani Mapendo, kila mmoja anamchezesha shujaa wake, tunarusha dadu, naye Idriss anasimulia dunia aliyoibuni. Lakini ni Idriss mwenyewe aliyesema kwamba mutu hawezi kufa bila matanga. Basi tukafanya matanga. Tulikaa chini kwenye mkeka, tukanywa chai, nikaimba. Nililia mpaka Olivier akaacha kucheka, kwa sababu wakati wa vita kaka yangu Paul tulimzika mbiombio, bila wimbo, bila matanga.

Leo nafika, namkuta Kabasha mzima, anatafuta farasi wake! Olivier amekataa kutengeneza shujaa mwingine, ndiyo maana Idriss amemnywesha dawa ya kufufua.

“Na machozi yangu?” nikauliza.

“Bénita, ni mchezo,” Idriss akasema huku akitabasamu. “Furahi, amerudi.”

“Usinicheke! Mutu akirudi, anaanza na wale waliomulilia. Huyu wako amesalimia nani?”

Wakatazamana. Olivier akakohoa, akasema Kabasha anapiga magoti mbele yangu, anaomba radhi.

“Asimame,” nikasema. “Hiyo dawa yenu imebaki?”

Idriss akaangalia karatasi yake haraka, akifurahi kwamba nimerudi mchezoni.

“Chupa moja.”

“Basi umupelekee Paul.”