Mji Uliosogeleana

Usiku wa jana niliota ramani kuukuu ya Tanga ikinikemea kwa kuingia bila hodi.

Mchana wake Bi Salha, mwenye kiwanda chetu kidogo cha vitabu, alikuwa amenipa kazi: niifanye ramani hiyo ienee kwenye karatasi ya bei nafuu, ili kila mwanafunzi awe na nakala yake badala ya darasa zima kugombea moja. Namstahi sana mama huyu. Angeweza kuchapa vitabu vya kupamba sebule za matajiri, lakini hataki. Mimi nikaona njia ya mkato, nikapiga mstari wa penseli pembeni, pa kupitisha kisu. Mtaa wa Wasusi ungekatwa.

Basi ndotoni nikapiga hodi.

"Karibu," ikasema ramani. "Viatu."

Navua kandambili zangu, ile ya kushoto imefungwa kwa waya, mlangoni kwa bibi anayesuka mkeka. Mstari wangu umelala katikati ya uwanja wake, mnene kama gogo. Kuku wanashindwa kuuvuka.

"Ndiwe mwenye kisu?" anauliza.

"Ndimi, bibi. Karatasi haitoshi."

"Tukikatwa tunaangukia wapi?"

"Sakafuni. Jioni huwa nafagia."

Anavuta ukindu. "Na wajukuu zangu wakifungua kitabu shuleni, mtaa wao watauona wapi?"

Naona aibu kwelikweli.

Mara uwanja umekuwa darasa, na Bi Salha amesimama ubaoni na rula. Hashangai kuniona peku.

"Watu wakizidi kwenye mkeka tunafanyaje?"

"Tunasogeleana," mji mzima unajibu.

Wakasogeleana. Msikiti ukakusanya kanzu yake, soko likakunja miguu. Ofisi ya Mjerumani, iliyochorwa kubwa kuliko mitaa mitatu, ikanung'unika lakini ikabanwa. Hakuna nyumba iliyobaki nje. Sijapata kuona mji wenye adabu kama ule.

Nilipoamka nilishusha miguu, nikapapasa kandambili. Hazipo. Ramani ilikuwa mezani nilipoiacha, ila Mtaa wa Wasusi sasa uko ndani ya mstari. Nikachukua kioo cha kukuzia. Mbele ya mlango mmoja, kwa wino uleule uliopauka, zimechorwa kandambili. Ya kushoto ina waya.

Nikaenda kazini peku. Bi Salha alinitazama miguu, akarudi kwenye karatasi zake.

"Uliondoka bila kuaga," akasema.