Mama Mkwe Kwenye Kona ya Picha

Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza nusura imnyang'anye mama mkwe wangu shamba. Naisimulia habari hii mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo hawajaitia chumvi.

Shule niliiacha darasa la tatu. Nikajifunza upigaji picha kwa Mhindi mmoja hapa Tabora, kisha nikafungua kibanda changu. Wateja wangu walitaka kitu kimoja tu: miguu ionekane. Ukikata viatu vya mtu, umemwibia. Ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo mpaka mwaka 1951, alipokuja Mzungu mmoja wa kampuni ya tumbaku. Kampuni yenyewe ilikufa zamani, sitaitaja.

Tulimwita Bwana Theluthi. Hakupiga picha za watu, alipiga nchi: mawe, miti, mawingu. Filamu zake alinipa mimi nizisafishe, kisha alikaa kwenye kigoda changu kunifundisha. Theluthi moja mbingu, theluthi mbili ardhi. Kitu kikubwa kisikae katikati. Alinikatia vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja kimepinda kama kiwiko. Unaviweka juu ya picha na kuvisogeza mpaka ujue pa kukata.

"Anselm," alisema, "picha si gunia. Gunia unajaza. Picha unapunguza."

Mwezi wa nane alileta filamu aliyoipiga ng'ambo ya Goweko, kwenye njia ya zamani ya misafara. Aliipenda sana ile njia. Alisema inalivuta jicho. Picha ilikuwa ya kutundika ofisini, na kazi ya kuikata akaniachia mimi, aone kama nimeelewa.

Niliingia chumba cha giza, nikaikuza. Kweli njia ililivuta jicho. Ililivuta mpaka kona ya kushoto, na pale kwenye kona palikuwa na mwanamke ameinama, anaanika michembe ya viazi juu ya jabali. Ameipa kamera mgongo, na mgongo nautaja kwa adabu tu. Kanga niliitambua. Niliipeleka mwenyewe mwaka niliooa.

Kwetu mama mkwe hatazamwi. Mkikutana njiani, unaingia majanini mpaka apite. Na mimi nilikuwa nimemkuza mara nane.

Niligeuza uso ukutani. Nikapapasa vile viwiko viwili, nikavisogeza kulia mpaka nikawa na hakika ametoka, nikakata. Akaenda na nyumba yake, na jabali, na viazi vyote vilivyokatwa, na matuta ya shamba. Zikabaki njia, mawe na mbingu.

Bwana Theluthi aliishika ile picha kwa muda mrefu.

"Nani amekufundisha kukata hapa?"

"Hakuna, Bwana. Ni heshima tu."

"Ndiyo," alisema polepole. "Heshima kwa nchi."

Sikumsahihisha. Alikuwa amefurahi, na mimi nilikuwa nimejisikia fundi.

Mvua zilipoanza, mke wangu Benedikta alirudi na treni kutoka kwao Goweko. Hakuvua hata viatu.

"Mama anaambiwa ahame," alisema. "Kampuni inapewa shamba lake."

"Anaambiwa na nani?"

"Na picha. Mwanangwa wa kijiji chetu, Masolwa, amekwenda bomani kusema watu wake wanaishi pale. Bwana Shauri akamtolea picha aliyoletewa na kampuni, akamwambia amwonyeshe hao watu wako wapi. Masolwa akaitafuta nyumba ya mama mpaka nyuma ya karatasi. Mzee mzima." Akaniangalia. "Wewe umeiona hiyo picha?"

"Nimeiona."

"Ikoje?"

"Nzuri."

Ilibidi nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Umemkata mama yangu."

"Nilimkata kwa heshima."

"Basi mrudishe kwa heshima. Baraza ni Alhamisi."

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, hakuwa na mpango wa kwenda kulitazama shamba. Barabara ilikuwa tope tupu, na kutoka stesheni ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kwa hiyo ningempelekea shamba mimi. Filamu nilikuwa nayo bado. Niliikuza yote, kubwa kama mlango wa kabati, na safari hii sikugeuza uso. Nikikosea mwanga kidogo tu, michembe inakuwa weupe mtupu kama chaki. Ilibidi ihesabike.

Alhamisi bomani, mama mkwe alikaa nyuma kabisa na wanawake wenzake, kanga mpaka machoni. Nikaiweka picha mezani. Bwana Shauri akachukua kioo cha kukuzia. Wazee wakajisogeza.

"Huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu, Bwana. Anaitwa Josepha. Hiyo ni nyumba yake, na hilo ndilo shamba. Hata hiyo njia inapinda pale kwa sababu wapagazi walikuwa wakinunua chakula kwa bibi yake."

Masolwa akakohoa. "Anselm, mkwe gani anamleta mkwewe bomani akiwa hivyo?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akashikilia meza. Nyuma kule sikutazama.

Bwana Theluthi, aliyekaa upande wa kampuni, hakucheka. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Umeiharibu," aliniambia. "Jicho halina pa kutua."

"Langu limetua," alisema Bwana Shauri, akafunga faili.

Shamba likabaki. Jioni ileile wazee walikaa pembeni, wakanitoza mbuzi kwa kumwanika mama mkwe mbele ya watu. Nililipa. Ilikuwa haki.

Ile picha kubwa mama mkwe aliiomba, kupitia kwa Benedikta. Nikadhani ataichoma. Baada ya mavuno tulikwenda kumsalimia. Mimi ndani siingii, ila nikiwa uani niliiona kupitia mlangoni imetundikwa ukutani, karibu na msalaba. Alikuwa ameikata kwa mkasi wa kushonea, palepale nilipokata mimi, labda upana wa ukucha zaidi. Hakuna nyumba, hakuna jabali, hakuna mtu. Njia, mawe na mbingu.

Yeye alikuwa amejificha nyuma ya ghala, anaongea na binti yake kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mumeo padri ameisifu sana. Mwambie kumbe akitaka anaweza."