Kidole cha Kuramochi

Maabara ilipotoa majibu kwamba petroli inayotoka kwenye mtambo wa kuondoa salfa ina salfa mara tatu ya kiwango, Kuramochi, kiongozi wa zamu, hakuuliza mtu. Alimvaa Shiori, mwendesha mtambo, kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya zamu nzima.

"Mchawi huyu hapa! Kakaa chumba cha udhibiti, kapunguza moto wa tanuri, salfa imepita kama haina mwenyewe. Kuanzia leo akagawe glavu stoo."

Wenzake wakatazama viatu vyao. Shiori alikuwa amekisotea kiti cha chumba cha udhibiti miaka na miaka, na leo kinaondoka kwa maneno ya mtu mmoja.

"Moto sijaugusa, Mzee Kuramochi. Mtambo unasafisha vizuri. Kuna petroli chafu inauzunguka na kuingia kwenye safi. Valvu ya njia ya pembeni iko wazi."

"Valvu nimeikagua mwenyewe alfajiri! Nimeinyooshea kidole, nimetamka hali yake kwa sauti, kama kanuni inavyotaka. Nilianza kunyoosha kidole hapa wewe hujazaliwa!"

"Basi twende ukainyooshee tena."

Wakaenda wote, jua la Agosti likiwaunguza migongo. Kuramochi akasimama mbele ya valvu, akanyoosha mkono, akapaza ile sauti ambayo wageni kazini hufundishwa kuiiga:

"Valvu ya pembeni, imefungwa, sawa!"

Uti wa valvu, ile fimbo yake ya chuma, ulikuwa umechomoza juu ya gurudumu lake, unang'aa kwa grisi. Valvu ikifungwa, uti huzama. Hilo hata mfagizi alilijua. Mkono wa Kuramochi ukabaki hewani. Safari hii macho yake yakaufuata.

Akalivamia gurudumu, akalizungusha kwa hasira mpaka uti ukazama wote.

"Haya, yamekwisha. Kila mtu kazini."

Shiori akamkingia njia, redio mkononi. "Hayajaisha. Meneja anasubiri kuambiwa nani kaharibu."

"Unataka kunivua nguo mbele ya watoto hawa?"

"Mimi umenivua hata chai sijanywa."

Kuramochi akaipokonya redio. Shingo ilikuwa imemvimba. "Kuramochi hapa. Valvu ya pembeni ilikuwa wazi. Nilitamka imefungwa. Sikuitazama."

Akaisukuma redio kifuani kwa Shiori.

"Rudi kwenye kiti chako. Na usithubutu kunisalimia."

"Nani alikuwa na mpango huo?" Shiori akajibu, akampa kisogo.