Zawadi za Wageni wa Mtaa Wetu

Jumamosi baada ya sala ya alasiri Bi Nasriya alitaka kupika kahawa, akakuta dele lake la shaba halipo. Pale lilipozoea kukaa, juu ya kabati, palibaki duara safi lisilo na vumbi. Aliangalia jikoni, akaangalia sebuleni, kisha akamwangalia Kawthar, mke wa mwanawe.

Kawthar aliolewa kutoka Quriyat kabla ya Ramadhani, na tangu aingie nyumba ile ya Mabela vitu vilikuwa vikiondoka. Ulianza mto, ikafuata saa ya ukutani, kisha likaondoka kochi zima la watu watatu. Kochi hilo lilipoletwa mafundi walilazimika kung'oa fremu ya mlango ili lipite. Sasa limetoka na fremu haikuguswa. Bi Nasriya hakulitilia maanani hilo. Mwizi hodari ana njia zake.

Hakuwa mtu wa kutuhumu hadharani. Alichukua chetezo, akatia udi, akaingia chumbani kwa Kawthar kumfukizia nguo, kama afanyavyo mama mkwe mwema. Alizikunjua moja moja na kila mfuko aliupapasa.

"Mama, hizi umenifukizia jana," alisema Kawthar.

"Harufu ya jana ishakwenda zake, mwanangu."

"Na chini ya godoro nako panafukizwa?"

"Huko ndiko hasa."

Muhanna, mwana wa mmoja na mume wa mwengine, alisimama mlangoni. Alifanya kazi Azaiba, katika ofisi iliyotengeneza mchezo wa simu uitwao Mtaa Wetu, ambamo watu hujenga nyumba na kutembeleana. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wachezaji wapya hawakimbii na wa zamani hawanuni. Mama yake alikuwa wa zamani kuliko wote. Alianza mtaa ukiwa na mti mmoja na paka asiye na mkia, na sasa jumba lake humo lilikuwa na roshani tatu.

"Ijumaa umrudishe kwao," alimwambia mwanawe. "Ama yeye, ama vyombo vyangu."

"Ngoja kidogo, mama."

"Ningoje nini? Nibaki na kuta?"

Kesho yake alikwenda kwa jirani, Mzee Msellem, kuuliza kama amemwona mtu akibeba kochi. Mzee Msellem alimkaribisha akae juu ya kochi hilohilo, akammiminia kahawa kutoka kwenye dele la Bi Nasriya mwenyewe.

"Vitu vizuri," alisema Bi Nasriya. "Umenunua wapi?"

"Sikununua, bibi wee. Nimejiunga na Mtaa Wetu juzijuzi. Wakanambia karibu mgeni, chagua zawadi. Kulipokucha nikavikuta hapa."

Bi Nasriya alipitisha mkono chini ya mto wa kochi, akaligusa tundu alilolichoma kwa pasi mwaka wa kwanza wa kulinunua. Akanywa vikombe viwili, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akarudi nyumbani.

"Zawadi za wageni mnazitoa wapi?" alimuuliza Muhanna.

Muhanna alitazama vidole vyake vya miguu. "Kwa wenyeji, mama, wachezaji wa zamani. Hatuna pengine pa kuzitoa. Mgeni asipokirimiwa anaufuta mchezo siku hiyohiyo."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe tulilijaribu. Wakaondoka wote."

"Na mwenyeji je?"

"Mwenyeji hatoki, madhali yupo mtu wa kumshuku."

Kawthar aliyasikia yote kutoka jikoni, maji yakimchemkia. Hakuna aliyemwomba radhi. Bi Nasriya alisema tu kwamba habari ya Ijumaa basi, wala ufunguo wa kabati, aliouvaa shingoni tangu vitu vianze kuondoka, hakuuvua, kwa sababu shingo ilishauzoea.

Baada ya magharibi alijiandikisha upya kwenye Mtaa Wetu kwa jina la mtu asiyejulikana. Mchezo ukamwita mgeni, ukamwonea huruma, ukamwambia achague zawadi. Alichagua kitanda.

Asubuhi kilikuwa chumbani kwake, cha mti uliochongwa, na mto wake umetariziwa herufi B kwa uzi wa kijani. Aliujua ule uzi. Ulikuwa wa Bi Balqis wa Azaiba, mwenzake mchezoni tangu enzi za paka yule asiye na mkia. Akabadilisha foronya.

Adhuhuri Balqis akapiga simu.

"Shoga, kitanda changu kimeondoka. Nimeamka niko sakafuni. Na humu ndani mgeni ni mmoja tu, mke wa mwanangu Anas. Nnamshuku."

Bi Nasriya alijinyoosha, kitanda kikalia kidogo.

"Usimwambie kitu," alisema. "Mfukizie nguo. Taratibu, moja moja."

Kawthar, aliyekuwa akipita na nguo zilizokauka, alisimama kusikiliza. Kisha akaziweka chini, akaenda kuwasha makaa ya chetezo. Ilikuwa zamu ya nguo za mama mkwe.