Pole ya Ugenini

Shangazi alitangaza mtaa mzima kwamba ninatakiwa ng'ambo. Cheti changu cha ualimu hakikuwa hata kimepata fremu, lakini kwa maneno yake ungedhani shule za huko zimefungwa zikinisubiri mimi.

Darasa nililopewa lilikuwa na zulia, sinki la kunawia na watoto wasionyamaza. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Mwalimu mkuu akiridhika, ninapata mkataba. Asiporidhika, ninarudi kwa shangazi, na mdomo wa shangazi mnaujua.

Siku moja mtoto akajikwaa kwenye begi lake mwenyewe, akapasuka mdomo. Mimi nilikuwa kule ubaoni. Nikamkimbilia, "Pole, pole sana, baba," kwa lugha yao, kwa neno la karibu nililolijua. Mama yake alipokuja kumchukua, nikampa pole na yeye. Bibi yake alikuwa kwenye gari. Nikamfuata huko huko, nisionekane sina adabu.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Mwalimu mkuu, mwanamke wa tabasamu la kuazima, alikaa na naibu wake.

"Umeomba msamaha kwa ukoo mzima," akasema. "Sasa sema, ulimfanya nini mtoto?"

Kumbe neno lao hilo husemwa na mwenye kosa tu! Nikajieleza jasho likinitoka: kwetu pole anapewa mgonjwa, anapewa aliyejikwaa, anapewa hata mtu aliye kazini.

"Kwani kwenu kazi ni ajali?" naibu akauliza.

Mkuu hakucheka. "Kuanzia leo, mtu akipatwa na jambo, uliza nini kimetokea na nani ameona. Basi."

Nikalishika hilo barabara. Mtoto analia, mimi natafuta shahidi. Mwalimu mwenzangu alipofiwa na baba yake, nikamuuliza ilikuwaje, na mkuu akanisifu kwa utulivu. Niliona aibu, lakini mkataba nikaupata. Shangazi akapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Jioni moja mama akapiga, sauti imemwisha.

"Mwanangu, nimeanguka bafuni. Mkono umevunjika."

"Nini kimetokea?" nikauliza. "Nani ameona?"

Nilimsikia akihema.

"Kwani nimekushtaki, mwanangu?"