Gitaa la Jaovelo Bado Linanuka

Kazi yangu ni kunusa. Katika ghala la vanila hapa Antalaha tunakaa wanawake kumi na wanne kuzunguka meza moja, na kila ganda linalopita mkononi mwangu nalipeleka puani kabla halijaingia kwenye sanduku. Ganda moja lenye kuvu likipita, sanduku zima litaharibika kabla halijafika linakokwenda. Miaka sita sijapitisha hata moja.

Kwa hiyo Jumapili ile mume wangu Jaovelo alipopiga simu kutoka kisiwa cha Nosy Be akisema anataka gitaa lake, na mama yake akamjibu kwamba linanuka, mama mkwe alinipa simu.

"Zafitsara, wewe una pua," Jaovelo akasema. "Litoe uvundo vizuri. Huku napiga mbele ya wageni, siwezi kupanda na kitu kinachonuka popo."

"Na wewe utakuja lini?"

"Tombo atapita na lori Alhamisi. Mpe yeye."

Alikuwa ameondoka masika matatu nyuma na begi dogo. Gitaa aliliweka juu ya kabati, kwenye mfuko wake, akasema atalifuata. Akatazama na majani ya paa yaliyooza pale pembeni, akasema hayo pia atakuja kuyabadilisha kabla ya mvua. Mvua ilikuja, paa likavuja pale pale pembeni. Kitanda nilikisogeza. Gitaa sikuligusa, kwa sababu pale ndipo alipoliacha kwa mkono wake.

Nilipofungua mfuko, uvundo ulinijia usoni. Mkanda wa ngozi ulikuwa umeota kuvu kama manyoya. Nyuzi zilikuwa na kutu, na ndani ya tundu mlinuka kama sanduku la vanila lililosahauliwa. Nililegeza nyuzi, nikapangusa mbao kwa kitambaa chenye tone la pombe kali ya miwa, vile tunavyopangusa ganda lililoanza kushika kuvu. Nikamimina mchele mkavu ndani ya tundu, nikalitikisa polepole, nikaumwaga umejaa vumbi. Mfuko niliufua kwa ndimu, nikauanika.

"Tia karafuu humo ndani, linukie," jirani yangu Vavisoa alisema kutoka ng'ambo ya ua.

"Hiyo ni kuficha, siyo kutoa."

"Haya. Wenzako wanaogesha waume, wewe unaogesha gitaa. Angalau lina kiuno."

"Kuliko wewe," nikamjibu, naye akacheka mpaka akaweka ndoo chini.

Mama mkwe alichagua vanila miaka thelathini kabla macho yake hayajadhoofika. Siku ya pili alikuja akaligusa gitaa lililokuwa juani. "Likishapata moto, mwanangu, livike blanketi," akasema. "Litoe jasho. Uvundo hutoka na jasho."

Hivyo ndivyo tunavyofanya vanila, nami sikufikiri mara mbili. Nililivika blanketi likiwa na joto la mchana, nikalifunga kama mtoto. Nilipolifungua jioni, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kilikuwa kimebanduka upande mmoja; ukucha wangu uliingia chini yake. Gundi ndiyo iliyotoa jasho.

Mama alipitisha ukucha wake pale. "Kumbe siyo vanila," akasema.

Niliomba gundi kwa fundi seremala, nikakibandika, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli. Kwa hiyo Tombo alipopiga honi Alhamisi, nilimwonyesha ule mpira nikamwambia bado. Nayo ilikuwa kweli.

"Mgonjwa amelazwa," Tombo akasema. "Nitarudi baada ya wiki mbili."

Wiki mbili hizo nilitia makaa ndani ya soksi, soksi ya Jaovelo, nikaining'iniza ndani ya tundu kwa uzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda ghalani nilibadilisha makaa, nikanusa. Uvundo ulipungua kama mtu anayeondoka njiani, unamwona, unamwona, kisha huna hakika kama bado unamwona. Asubuhi ya siku ya kumi na moja niliingiza pua, nikakuta mbao. Mbao tu.

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Kila kitu chake kingine kilikuwa kimeshamfuata: viatu, redio, shati la sikukuu. Kimoja kimoja, mkononi mwa Tombo. Likienda na hili, arudi kufuata nini?

Lori lilipokuja, nilisimama mbele ya mlango. "Bado linanuka," nikasema.

Tombo hakubisha. Nani abishane na pua yangu? Lakini mama mkwe alikuwa jikoni, akainua kichwa kutoka kwenye sufuria, akanitazama. Masikio yangu yalipata moto. Wiki ile ghalani nilinusa kila ganda mara mbili.

Mara ya tatu Tombo hakuzima hata injini. "Shemeji, mumeo anasema kama bado, basi atatafuta jingine huko huko. Amechoka kuazima."

Nilikuwa nimeshaingia ndani kulichukua, nimelibeba kifuani, ndipo mama aliposema, "Lete hapa."

Akafuta mikono, akapiga magoti, akaingiza pua katika tundu. Alivuta pumzi amefumba macho, taratibu, kama wachaguzi wa zamani. Nilijua anachosikia. Nilingoja aniaibishe.

"Bado," akasema. "Lina uvundo chini kabisa."

Tombo akazima injini, akaja, naye akanusa. "Mimi sisikii kitu, mama."

"Ndiyo maana ukapewa lori."

Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mkanda je?"

Mkanda sikuwa nimeusafisha. Ulikuwa umening'inia juu ya msumari pale paa linapovuja, na manyoya yake yote. Mama aliuchukua, akautia katika mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili.

"Mpelekee huu," akamwambia Tombo. "Mwambie hivi ndivyo nyumba yake inavyonuka. Anuse, kisha aje mwenyewe atuambie kama gitaa limepona. Sisi tumeshachoka pua."

"Na akisema haji?"

"Ukamwambie hivyo kwanza."

Tombo aliuweka mbali na mkate wake, akafungua madirisha yote mawili, akaondoka.

Nilibadilisha makaa ndani ya soksi, ingawa hayakuwa na kitu cha kunyonya tena. Nikalitundika gitaa ukuta wa pili, mbali na paa bovu.

"Nyuzi usizikaze," mama akasema kutoka nyuma yangu. "Atakaza mwenyewe."

Kisha akapakua wali, akaweka simu mkekani kati ya sahani zetu, kioo juu. Niliitazama mpaka wali wangu ukapoa.